Miaka Isiyovaliwa Kifuani

Jonathan Wainwright, jenerali wa Marekani, alilifanya jeshi kazi ya maisha yake. Alihitimu West Point mwaka 1906, akatumikia Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Machi 1942, kamanda wake Douglas MacArthur alipoamriwa kuondoka Ufilipino kwenda Australia, Wainwright alibaki na jeshi lililokwisha nguvu kwa njaa na malaria. Rasi ya Bataan ilianguka mikononi mwa Wajapani tarehe 9 Aprili. Tarehe 6 Mei, kisiwani Corregidor, handaki la Malinta likiwa limejaa majeruhi na wauguzi, alisalimu amri. Wajapani hawakuridhika na kisiwa kimoja; walitaka majeshi yote ya Ufilipino yaweke silaha chini, naye ikambidi aitoe amri hiyo redioni kwa sauti yake mwenyewe.

Askari hufunzwa kufa. Nani humfunza kuokoa watu wake kwa kuivunja heshima yake mwenyewe? Na hata hao aliotaka kuwaokoa, wengi walifia utekani. Aliyefiwa huwekewa matanga, jamaa na majirani wakaja kukaa naye. Aliyepoteza jeshi zima hukaa peke yake na hesabu ya waliomtii.

Kwa zaidi ya miaka mitatu alishikiliwa Luzon, kisha Taiwan, mwisho Manchuria. Kilichomtafuna kuliko njaa ni imani kwamba kwao anahesabiwa mtu aliyeiaibisha nchi. Alipokombolewa Agosti 1945 alikuwa amekonda vibaya, akitembea kwa mkongojo, akingoja lawama. Lawama hazikuja. Tarehe 2 Septemba alisimama juu ya meli Missouri, Wajapani wakitia saini ya kushindwa. Kesho yake, mjini Baguio, akamshuhudia Jenerali Yamashita wa Japani akisalimu amri. Tarehe 10, Rais Truman alimvisha Medali ya Heshima, ile ile ambayo MacArthur alipinga apewe mwaka 1942. Aliendelea kutumikia jeshi Texas hadi alipostaafu mwaka 1947. Alifariki tarehe 2 Septemba 1953, miaka minane kamili tangu siku ile ya Missouri.

Lakini miaka yake ya utekani haikuwa na nishani yake. Nishani za kampeni zina kanuni zake: hutaja vita, eneo na tarehe. Marekani haikuwa na medali ya mateka wa vita hadi mwaka 1985, naye Wainwright alikuwa kaburini miaka 32. Kwa muda wote huo taifa lilijua kupima kilichotendwa vitani, lakini halikuwa na kipimo cha kilichovumiliwa utekani.

Siidharau medali. Kwa mtu aliyetarajia kushtakiwa, ile ilikuwa neno la nchi nzima kwamba hakuwasaliti wenziwe. Lakini medali humtazama aliyerudi, na msiba wake uko kwa wasiorudi. Kwa hiyo anaporudi mtu kutoka utekani, tumpongeze, kisha tumwulize majina ya aliowaacha huko, na tukae tumsikilize mpaka amalize kuyataja. Hayo ndiyo matanga tunayodaiwa naye.