Tupige hesabu ya kikapu

Mwezi huu hatutaongea juu ya mitihani. Tunaongea juu ya vikapu, maana sisi walimu wa kujitolea hapa Nyarugusu tumeona jambo moja: mnunuzi akitoa oda kubwa, madawati ya wasichana yanabaki wazi. Ukimuuliza mdogo mtu, "Dada yako yuko wapi?" anajibu, "Yuko na mama, wanasuka."

Hatulaumu mtu. Kazi ya mikono ni kazi ya heshima. Mama zetu wa Burundi, waliofika kwa wingi kuanzia 2015, walikuja na ufundi wa kusuka. Mama zetu wa Kongo, wengine wako hapa tangu kambi ifunguliwe 1996, wanashona mifuko ya vitenge. Sabuni na viatu vya watoto vinatoka humo. Lakini kibali cha kutoka kambini kutafuta soko si rahisi kupata, kwa hiyo tunamngoja mnunuzi aje. Na yeye anajua kabisa kwamba tunamngoja.

Basi tupige hesabu kama ya ubaoni. Tuseme nyuzi na rangi zimekula shilingi 3,000, kikapu kimechukua siku tano, umekiuza 4,000. Wengi tunasema, "Nimepata elfu nne." Hapana, mama. Toa 3,000, inabaki 1,000. Gawa kwa siku tano: ni shilingi 200 kwa siku! Na kama binti alibaki nyumbani kukusaidia, hiyo 200 ni ya watu wawili, na masomo aliyokosa hayajahesabiwa.

Kingine kinachotuumiza ni kushushiana bei. Mmoja anasema 6,000, jirani ananong'ona 5,000, wa tatu 4,000. Mnunuzi anaondoka anacheka, sisi tunabaki kununiana bombani.

Tunashauri hivi. Kwanza, kila kikapu kiandikwe daftarini: vifaa kiasi gani, siku ngapi. Pili, kikundi kikubaliane bei ya chini, na asiwepo wa kwenda chini yake. Tatu, wekeni kikapu kimoja cha mfano ili vingine vipimwe kwake. Tangu 2018 UNHCR ina mpango unaoitwa MADE51, unaounganisha mafundi wakimbizi wa nchi mbalimbali na masoko ya mbali. Masoko ya namna hiyo hayanunui kwa huruma tu. Kikapu cha kumi lazima kifanane na cha kwanza.

Nne, oda ikiwa kubwa, ombeni kianzio cha kununulia nyuzi, na mtaje siku zinazotosha mikono ya watu wazima. Kazi ya wiki mbili usiiahidi kwa wiki moja. Ile wiki inayopungua, anayeilipa ni mtoto.

Asiyejua kuandika asione haya. Baada ya vipindi vya mchana tunabaki darasani. Njoo na kikapu chako, utuambie nyuzi ulinunua bei gani, tutahesabu pamoja. Na binti mwache aje shule asubuhi kama kawaida. Jioni yeye ndiye atakayekuandikia daftari, na siku mnunuzi akikosea kujumlisha, atakuwepo mtu nyumbani wa kumwambia.