Zamu ya kwanza au zamu ya pili?



Kati ya maswali mengi anayoulizwa mtu anaponunua tikiti ya merikebu ya matembezi, liko moja linaloonekana kuwa dogo kabisa: «Mtakula chakula cha jioni katika zamu ya kwanza au katika zamu ya pili?» Watu wengi hujibu upesi bila kufikiri, kama mtu aulizwaye kama anataka chai au kahawa. Lakini mimi nimeona kwamba swali hilo huweza kufunua moyo wa jamaa nzima: nani hufikiriwa kwanza, nani husahauliwa, nani huketi pamoja na nani hutengwa. Ndiyo sababu napenda kulizungumza nanyi leo, hata nanyi ambao labda hamtapanda merikebu kamwe.

Kwanza tufahamu asili ya zamu hizo. Merikebu kubwa za siku hizi huchukua wasafiri elfu tatu, elfu nne na hata zaidi. Si rahisi wote waketi mezani kwa saa moja. Kwa hiyo hugawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza huingia mnamo saa kumi na mbili au saa kumi na mbili u nusu ya jioni. Likiisha kula, watumishi huondoa vyombo, hubadili vitambaa, hupanga upya visu na bilauri. Kisha kundi la pili huingia mnamo saa mbili u nusu au saa tatu ya usiku. Kila jamaa hupewa meza yake, hurudi pale pale kila jioni mpaka mwisho wa safari, na kwa kawaida huhudumiwa na watumishi wale wale.

Desturi hiyo ni ya zamani, wala si ya pekee. Katika mwaka 1905 merikebu ya Kijerumani iliyoitwa Amerika ilikuwa na chumba ambamo matajiri waliweza kuagiza chakula kwa saa waliyoipenda, kwa kulipa zaidi. Katika mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilianza kuwaachia wasafiri wake wote wachague saa yao kila jioni, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo. Siku hizi merikebu nyingi hutoa njia zote mbili, saa iliyowekwa na saa huru. Tena kuna chumba ambamo kila mtu hujipakulia mwenyewe na kuketi apendapo. Basi aliye na fedha za tikiti hakosi chakula. Taabu ni kujua atakula na nani.

Swali hilo lilitufikia sisi pia. Binti yetu aliyeolewa Ubelgiji, pamoja na mume wake, walitualika mimi na mama yake tusafiri nao siku saba katika bahari ya Mediteranea, kutoka Marseille, ili tumshukuru Mungu kwa miaka arobaini ya ndoa yetu. Mama na binti hawakuwa wameonana kwa miaka sita. Mjukuu wetu, mwenye umri wa miaka mitano, tulikuwa tukimjua kwa picha tu. Mke wangu ana ugonjwa wa sukari. Hujidunga dawa asubuhi na jioni, na daktari amemwagiza ale kwa saa zisizobadilika. Mtu wa namna hiyo akichelewa kula baada ya dawa, sukari hushuka mwilini: hutoka jasho, hutetemeka, akili huvurugika, na huweza hata kuzimia.

Binti yetu alitaka zamu ya pili. Aliniambia katika simu: «Baba, tukiwahi kula jioni, itatubidi kurudi merikebuni mbio kila siku. Mtaona nini basi katika miji yote hiyo?» Neno lake lilikuwa na haki. Merikebu ikitia nanga Civitavecchia, mtu hutamani kufika Roma kwenye kanisa la Mtakatifu Petro. Safari ile ni karibu kilometa themanini, na gari la moshi huchukua muda wa saa moja hivi kufika stesheni ya San Pietro iliyo karibu na Vatikano. Mtu akihesabu kwenda, kurudi na kungoja, siku imekwisha.

Tena mwezi wa saba jua la kule hukawia. Wakati wa kiangazi, saa ya Marseille ni sawa kabisa na saa ya Lubumbashi, lakini jua halifanani. Kwetu, saa kumi na mbili u nusu giza limekwisha kuingia na sufuria iko motoni. Kule jua lingali juu, wala halitui mpaka saa tatu imepita. Watu wa kule huona zamu ya kwanza kama chakula cha mchana kilichochelewa, na wengi hupenda zamu ya pili, wakati hewa imepoa.

Mkwe wangu, mtu mwenye adabu, alileta shauri la tatu. Alisema: «Baba, kwa heshima yenu, ninyi na mama mle zamu ya kwanza pamoja na mtoto, mpate kupumzika mapema. Sisi wawili tutakula zamu ya pili. Hivyo hakuna atakayesumbuliwa.» Nalifahamu kwamba chini ya maneno yale kulikuwa na jambo jingine. Kwa makabila yetu mengi, tangu zamani, mkwe hali chakula mbele ya mama wa mke wake. Humwepa kwa heshima, na hata njiani humpisha. Kuketi naye uso kwa uso jioni saba mfululizo kulimtia haya.

Shauri lile lilikuwa la werevu, na karatasi ya tikiti ilikuwa na nafasi ya kuandika hivyo. Lakini mke wangu alipolisikia alinyamaza kimya, kisha akasema: «Nimengoja miaka sita kumwona mwanangu akila. Je, nivuke bahari niambiwe anakula nilipokwisha lala?»

Neno hilo lilimaliza mashauri yote. Nilimwita mkwe wangu katika simu, nikamwambia: «Mwanangu, desturi ya wazee wetu ilikuwa nzuri, maana iliwalinda wakwe wasidharauliane. Lakini heshima ni mti, na desturi ni gome lake. Mama yako mwenyewe anakuomba uketi mezani pake. Ukikubali, utakuwa umemheshimu kuliko kumwepa.» Alikubali. Tukaandika: zamu ya kwanza, meza moja, watu watano.

Sitaki kuwadanganya kwamba haikutugharimu kitu. Siku ya Roma tulisali mbele ya kaburi la Mtakatifu Petro, tukaacha mengine yote, tukarudi. Binti yetu alitazama saa mara nyingi. Jioni ya kwanza mkwe wangu alikula akiinamisha macho. Jioni ya tatu mama alimwekea samaki katika sahani yake kwa mkono wake mwenyewe, na mtoto akacheka, na sote tukacheka. Tangu hapo mazungumzo hayakukatika. Na mke wangu hakupatwa na taabu ya sukari hata siku moja.

Mtume Paulo alikutana na jambo kama hilo. Katika barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 11, aliwakaripia Wakristo waliokusanyika kula, huku wengine wakitangulia na kushiba, na maskini wakifika na kukuta hakuna kitu. Dawa aliyowapa ilikuwa nyepesi: wangojane. Sisi husoma maneno hayo tukifikiri yahusu kanisa tu. Kumbe yahusu kila meza ya Mkristo. Kungojana si kupoteza wakati. Ni kumwambia mwenzako kwamba chakula bila yeye hakijakamilika.

Liko jambo jingine ambalo msafiri huweza kulisahau. Mtumishi wa meza yetu alikuwa mtu wa Filipino, baba wa watoto wawili. Sisi tulipokuwa tukienda kulala, yeye alianza zamu ya pili, na chakula chake mwenyewe alikipata karibu na usiku wa manane. Mkataba wake ulikuwa wa miezi minane. Alimtazama mjukuu wetu kwa jicho ambalo kila baba hulifahamu. Ipo sheria inayowalinda watu hao, yaani Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013. Wenye merikebu hufuata ama kazi isiyozidi saa 14 kwa siku, ama mapumziko yasiyopungua saa 10. Nalo Kanisa haliwasahau: utume wa Stella Maris, ulioanzishwa Glasgow katika Uskoti mwaka 1920 na kukubaliwa na Baba Mtakatifu Pio XI mwaka 1922, hutuma mapadri na wasaidizi bandarini kuwatembelea mabaharia. Kila mwaka, Dominika ya pili ya mwezi wa saba, Wakatoliki katika nchi nyingi huwaombea.

Kwa hiyo anayechelewa kuingia katika zamu ya kwanza, au anayekaa mezani akizungumza hali amekwisha kula, hawaudhi tu watu wa zamu ya pili wanaongoja mlangoni. Anamnyang'anya mtumishi dakika zake chache za kupumua. Kushika saa ni tendo la upendo kwa jirani, ijapokuwa hakuna anayelisifu.

Basi ndugu msomaji, kama siku moja watoto wako watakualika safari ya namna hiyo, mtimize mambo matatu. Chagueni saa mapema, siku ya kununua tikiti, maana zamu hujaa. Na kama hamkupata mliyoitaka, mwendeeni mkuu wa chumba cha chakula siku ile ile ya kwanza, kwa maneno ya upole. Mwulizeni kila mtu haja yake kabla ya kuandika, hasa mgonjwa na mtoto. Tena msikubali kugawanyika kwa sababu tu nafasi ya kugawanyika ipo.

Na ninyi mnaobaki nyumbani, msidhani zamu ni za merikebuni tu. Siku hizi katika nyumba zetu baba hula akirudi kazini, mama hula jikoni amesimama, vijana hula wakitazama simu zao. Jamaa yenye sufuria moja huwa na zamu nne, wala hakuna mkuu wa chumba aliyezipanga. Tafuteni saa moja, hata kama si kila siku, hata kama ni jioni ya Dominika tu. Iwekeni kwa kumfuata aliye dhaifu kuliko wote, maana mwenye nguvu huweza kungoja, lakini mgonjwa na mtoto hawawezi. Kisha bwana wa nyumba afanye ishara ya msalaba, na asianze kula mpaka wote wameketi.