Tulivyokwenda Lamu kwa pointi zilizopungua njiani

"NDOO mama, shika mkono," nahodha kijana alimwambia mama yangu katika gati ya Mokowe, mguu wake mmoja ukiwa ndani ya boti na mwingine juu ya ngazi ya saruji. Mama alisita. Ana umri wa miaka 71, magoti yanamsumbua, na hadi asubuhi hiyo hakuwa amewahi kupanda chombo cha majini. Kisha akajikaza, akaushika ule mkono, akaingia.

Kwa miaka 31 mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyeri. Kila mwaka aliwafundisha watoto habari za mwambao: Lamu, Manda, Pate, majahazi na boriti za mikoko. Visiwa hivyo alivichora ubaoni kwa chaki bila kutazama kitabu. Lakini bahari yenyewe aliijua kwa picha tu. Alipostaafu nilimwahidi kwamba nitampeleka Lamu, tena kwa ndege, kwenda na kurudi.

Ahadi hiyo ilichukua miaka mingi kutimia, na ilitimia nusu. Nakusimulia, msomaji, kwa sababu huenda hata wewe una kadi mkobani inayokuahidi makubwa.

Haba na haba

Mimi na mume wangu tulichukua kadi ya mkopo katika benki moja jijini Nairobi. Kijana aliyetuuzia alitueleza kwamba kila tutakapotumia shilingi 100 tutapata pointi 1, na kwamba pointi hizo zingeweza kugeuzwa kuwa tiketi ya ndege. Alifungua kijitabu akatuonyesha jedwali: Nairobi hadi Lamu, kwenda na kurudi, pointi 15,000. Wakati huo tiketi kama hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa karibu shilingi 18,000.

Tulipiga hesabu usiku huo mezani. Pointi 15,000 zilikuwa na maana ya kutumia shilingi milioni 1.5. Si mchezo. Lakini karo ya watoto, petroli na vyakula vya dukani tungevilipia hata hivyo, tukasema afadhali tuvilipie kwa kadi. Kwa shilingi 25,000 kila mwezi, safari ya mama ingepatikana baada ya miaka 5. Haba na haba hujaza kibaba.

Tukajinyima na kujipanga. Nilipita maduka mawili yenye bei nafuu ili nikanunue katika la tatu linalopokea kadi. Mara mbili tulishindwa kulipa deni lote mwisho wa mwezi, na riba tuliyotozwa ikazidi thamani ya pointi zote za miezi hiyo. Tulijifariji kwamba kibaba kinajaa.

Siku kilipojaa nilipiga simu benki nikiwa na furaha ya mtu aliyevuna. Msichana aliyenijibu alikuwa na adabu nyingi. "Madam, kwa sasa tiketi hiyo ni pointi 24,000. Viwango vilibadilika mwezi Machi. Tuliwatumia wateja wote ujumbe."

Nilitafuta ule ujumbe nikaupata. Ulianza kwa kunipongeza kwamba huduma zimeboreshwa. Habari ya viwango ilikuwa chini kabisa, mahali ambapo macho huwa yameshachoka.

Pointi zetu 15,000 zilitosha safari ya upande mmoja, yaani 12,000, na bado ada na kodi tulitakiwa kuzilipa kwa pesa taslimu. Niliona aibu kumweleza mama. Yeye alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi nitakwenda kwa gari niione nchi niliyokuwa naifundisha. Kurudi ndiyo nitarudi kwa ndege, maana nitakuwa nimechoka."

Nchi aliyoifundisha

Ndivyo tulivyoshika treni ya SGR hadi Mombasa, tukalala usiku mmoja, na alfajiri tukapanda basi la Lamu. Safari hiyo si ya mtu mwenye haraka. Unapita Kilifi na mashamba ya mkonge, unafika Malindi jua limekwisha kupanda, halafu nchi inatanuka na kuwa tambarare. Vizuizi vya usalama ni vingi, na kila mara abiria huteremka na vitambulisho mkononi. Mama aliteremka kila mara bila kunung'unika, akilisalimu kila askari kama aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

Karibu na Garsen tulivuka mto Tana. Mama alinigusa bega. "Mto mrefu kuliko yote Kenya," alisema kwa sauti ya darasani, na mzee aliyeketi mbele yetu akaitikia, "Sawa kabisa, mwalimu."

Baadaye tukafika Witu, mji mdogo wenye kivuli cha miembe, ambao mgeni anaweza kuupita bila kugeuza shingo. Kumbe hapa palikuwa na usultani. Mwaka 1885 Sultan Ahmed wa Witu, aliyejulikana kwa jina la Simba, aliingia chini ya ulinzi wa Wajerumani. Ulinzi huo haukudumu. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia sahihi mkataba, na Witu ikapewa Waingereza bila wenyeji kuulizwa. Mama aliyajua haya yote. Mimi niliyasahau nilipomaliza mtihani.

Mji wa punda na milango

Kutoka Mokowe hadi Lamu kwa boti ni mwendo mfupi. Mji unatokea polepole: kwanza minara ya misikiti, kisha mstari wa nyumba nyeupe zinazotazama bahari, kisha punda. Punda ndio lori, ndio teksi na ndio mkokoteni wa hapa, kwa kuwa vichochoro ni vyembamba mno kwa gari. Ukisikia mtu nyuma yako akipiga kelele, usiulize sababu, jibanze ukutani.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Mama alisimama mbele ya mlango mmoja wa nakshi akapitisha vidole juu ya maua yaliyochongwa, taratibu, kama anayesoma. Katika uwanja wa Mkunguni tulipumzika chini ya ukuta wa ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821. Ngome hiyo ilikuwa gereza hadi mwaka 1984, na sasa ni makumbusho. Tulikunywa chai ya tangawizi na mahamri, na mama akakiri kwamba magoti yake yameanza kumsamehe.

Lakini jengo lililonikalisha kitako ni dogo kuliko hayo yote. Katika barabara kuu ya ndani ya mji ipo nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani, ambayo nayo imegeuzwa makumbusho. Posta hiyo ilifunguliwa mwaka 1888, wakati Wajerumani walipotazamia makubwa kutokana na Witu. Ilifungwa mwaka 1891, baada ya mkataba ule kuwaondoa.

Nilimfikiria mfanyabiashara wa Lamu aliyekuwa amenunua stempu za Kijerumani akaziweka sandukuni ili aje kuzitumia. Alizilipia kwa pesa halali. Stempu hazikuchanika wala kuliwa na mchwa. Ila asubuhi moja dirisha lililokuwa likizipokea hapa Lamu lilifungwa, na aliyelifunga alikuwa mtu wa mbali asiyemjua. Leo wakusanyaji wa stempu huzitafuta kwa hamu zile zilizogongwa mhuri wa Lamu, lakini barua zake hazikwenda kwa sababu hiyo.

Gorogoro iliyobonyezwa

Jioni hiyo nilimwambia mama mawazo yangu. Tulikuwa sokoni, na mbele yetu muuzaji alikuwa akipima kunde kwa kopo. Mama alilitazama lile kopo kwa makini, ndani na chini, kama wafanyavyo akina mama wa bara.

"Unaiona?" aliniuliza. "Huyu kopo lake ni zima. Kule kwetu kuna wachuuzi wanaoigonga gorogoro kwa chini mpaka inaingia ndani. Ukiitazama kwa juu imejaa, mahindi yanamwagika. Ukifika nyumbani sufuria haijai. Mwanangu, wewe hukuibiwa pointi hata moja. Umepimiwa kwa gorogoro iliyobonyezwa."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Methali yasema haba na haba hujaza kibaba, lakini haisemi kibaba chenyewe kimeshikwa na nani.

Mtindo huu wa kumzawadia mteja ili arudi ni wa zamani. Huko Marekani, kampuni ya Sperry and Hutchinson ilianza kutoa stempu za kijani kwa wanunuzi tangu 1896. Shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wake wa maili mwezi Mei 1981, na mengine yakafuata upesi. Baadaye benki ziliingia. Kila unapolipa kwa kadi, mwenye duka hukatwa ada, na sehemu ya ada hiyo huifikia benki iliyokupa kadi. Benki hutumia kiasi fulani kununulia pointi kwa shirika la ndege, nawe unapewa. Riba ya wateja wanaochelewa kulipa nayo husaidia.

Sasa, pointi ambayo haijatumiwa ni deni katika vitabu vya aliyeitoa. Deni likirundikana, njia rahisi ya kulipunguza ni kupandisha idadi ya pointi zinazotakiwa kwa kiti kile kile. Masharti uliyoyatia sahihi humruhusu. Mwaka 2015 shirika la Delta la Marekani liliondoa kabisa jedwali la viwango, ikawa msafiri hana tena kipimo cha kudumu cha kulengea. Hata hivyo mashirika yenyewe hayazichezei pointi: mwaka 2020, ugonjwa wa corona ulipoziweka ndege chini, United iliweka mpango wake wa maili rehani ikakopeshwa mabilioni ya dola.

Nyakati nyingine si kopo linalobonyezwa, bali mchuuzi mwenyewe anayeondoka sokoni. Mwaka 2017 shirika la Air Berlin lilifilisika, na waliokuwa na maili zake wakabaki na namba tupu. Hapa kwetu, wengi bado wana kadi za Nakumatt Smart katika droo. Maduka ya Nakumatt yaliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura yafungwe. Kadi zipo, duka halipo.

Tena upo muda wa mwisho wa kutumia. Mwaka 2022 Safaricom ilitangaza kwamba pointi za Bonga zilizokaa zaidi ya miaka 3 zingefutwa. Mpango huo ulisitishwa baada ya wateja kulalamika, lakini ulimkumbusha kila mtu ufunguo uko mkononi mwa nani.

Je, tuzitupe kadi? La. Pointi si mbaya kwa mtu anayelipa deni lake lote kila mwezi na kununua alichokuwa anakihitaji. Kosa letu lilikuwa kuzifanya akiba. Akiba ya benki au ya chama huzaa japo kidogo, pointi hazizai. Zikifika kiasi cha kununua kitu cha maana, kinunue. Soma ule ujumbe mpaka mstari wa mwisho. Na usimwahidi mtu jambo la moyoni kwa kipimo ambacho mwingine anaweza kukibadilisha usiku umelala. Shilingi 300 kila mwezi kwa miaka 5, zikiwekwa kando katika chama chetu cha akina mama, zingefika 18,000 bila kuhesabu faida.

Kiti cha dirishani

Siku ya kuondoka tulivuka kwa boti hadi kisiwa cha Manda, uliko uwanja wa ndege. Mama alivaa rinda lake la kanisani. Tiketi aliishika kwa mikono miwili, ile tiketi ya upande mmoja iliyogharimu milioni na ushei ya matumizi yetu, nami nikajikuta nikitaka kumwomba radhi upya.

"Usinisikitikie," alisema. "Ningekuja kwa ndege nisingeuona Tana."

Mimi nilirudi Mokowe kupanda basi. Tulikuwa hatujafika Witu simu ilipolia. Mama alikuwa amekwisha kutua Nairobi, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Niliketi dirishani," alisema. "Nimeviona vyote. Lakini nimewapotosha watoto wa watu kwa miaka 31. Ule mkondo kati ya Lamu na Manda nilikuwa nauchora mpana kama ziwa. Kumbe ni kijito tu!"

Pointi 3,000 zilizobaki bado tunazo. Katika kijitabu cha zawadi nimeona chupa ya chai ya pointi 3,500. Nimemwambia mume wangu twende tukainunue dukani kwa pesa.