Nilimdanganya Mzee kwamba ndege inanitapisha

Wiki hii siongelei mapenzi wala viatu. Nina dhambi moja nataka kuitua, na naitua hapa gazetini kwa sababu Mzee wangu hasomi gazeti hili. Anasema ni la wahuni. Likifika nyumbani linafungia maandazi.

Mimi ni mtoto wa Mlabani, Ifakara. Zamani, ndege ndogo ikipita juu kwenda kutua kiwanjani, tulikuwa tunaacha chandimu na kuikimbilia huku tunapiga kelele mpaka makoo yanakauka. Wenzangu walirudi kwenye mpira. Mimi nikaenda kumwambia mama nataka kuendesha ile. Toka siku hiyo mtaa mzima ukaniita Rubani, wakati kitu kirefu nilichowahi kupanda ni mwembe wa jirani.

Nilipomaliza kidato cha nne (fizikia C, Kiingereza C, hesabu D, usicheke) kila mtu akanipa ushauri uleule: nenda jeshini. Kwetu rubani na mwanajeshi ni kitu kimoja. Nikaanza kuulizia mwenyewe, nikakuta kumbe ipo njia ya kiraia. Huhitaji bunduki wala kwata, unahitaji mapene tu!

Nikupe shule kidogo, usisinzie. Kwanza unapimwa afya, daraja la kwanza: macho, masikio, moyo. Mnaovaa miwani msikate tamaa, miwani inaruhusiwa mradi ukiivaa uone sawasawa. Inafuata leseni ya rubani binafsi, angalau saa 40 angani. Hiyo unaweza kumrusha mchumba wako lakini huruhusiwi kumtoza nauli. Ya kulipwa ni leseni ya biashara, saa 200, au 150 kama umesoma mfululizo kwenye chuo kilichoidhinishwa. Wanaotoa leseni hapa ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Na Kiingereza lazima upimwe, maana redioni huko juu huwezi kumwambia mwongoza ndege "aisee kaka, nipishe nitue".

Mafunzo yenyewe, wengi walikuwa wanayafuata nje. Wapo waliosoma Soroti, Uganda, kwenye chuo kilichoanzishwa 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Wapo waliokwenda Nairobi, wapo wa Afrika Kusini. Siku hizi Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo nacho kimejitosa. Popote uendako, mpaka leseni ya biashara unaongelea makumi ya maelfu ya dola. Dola, siyo shilingi.

Sasa Mzee. Ana ekari nne za mpunga ng'ambo ya mto, kule tulikokuwa tunavuka kwa pantoni kabla ya daraja la Kilombero kufunguliwa 2018. Jioni moja tumemaliza kula, akasafisha koo akasema, "Nimepata mteja wa shamba. Nataka uende ukasomee hiyo ndege yako."

Mama hakusema kitu. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 6, 2022, wakafa watu 19, alizima redio akaniangalia mimi kama vile nilikuwa ndani yake. Safari hii akachukua vyombo akaenda kuosha.

Nikamwambia Mzee, baba, ngoja kwanza. Akafikiri. Akatoa gunia tano za mpunga. "Uza hizi, nenda Dar ukaonje. Ukirudi ukasema ndiyo, nauza."

Basi bwana, gunia tano zikanipa nauli na nusu saa angani. Nusu saa! Ndege ilikuwa Cessna 172, viti vinne, ndani kunabana kama daladala. Kapteni, kijana tu, akanizungusha nje kwanza. Akachomoa petroli kidogo kwenye kichupa, ya rangi ya bluu, akaiinua juani kuangalia kama ina maji. Maji huzama chini, akasema, na injini haitaki maji. Akapima oili, akashika mabawa kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Halafu akaniambia nikae kushoto, kiti cha nahodha.

Tulipopaa akaniachia usukani. Nikaukaba kwa mikono miwili. "Usiukabe, shika kwa vidole viwili," akasema. Nikalegeza, ndege ikatulia yenyewe. Chini bahari, Kigamboni, mabati yanang'aa. Sikuongea. Kapteni akaniuliza kama naumwa, nikatikisa kichwa. Nilikuwa nalia, msomaji wangu, na miwani ya jua ya kuazima ilinisaidia sana.

Ndani ya basi la kurudi nikapiga hesabu, ile ile ya D. Bei ya shamba lote isingenimalizia hata leseni ya binafsi. Ningebaki na robo ya ujuzi, na wadogo zangu wawili wangebaki na njaa. Tulipofika Mikumi nilikuwa nimeshaamua. Sema kumwambia Mzee "pesa yako haitoshi" ningemkata maini. Yule mzee alikuwa anatoa kila alichonacho.

Nikafika, nikamwamkia. Akauliza, "Enhe?"

Nikasema, "Baba, ile kitu siyo. Nilitapika toka inaondoka mpaka inatua. Kizunguzungu, naogopa."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Pole, mwanangu." Kesho yake akampigia mteja simu. Mama siku hiyo alipika kambale wa nazi.

Sasa nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na hii safu inanipa vijisenti. Ndege ikipita, Mzee ananitazama kwa huruma. Juzi alimwambia jirani, "Huyu wangu ndege zinamdhuru, damu yake haipatani nazo." Nikatikisa kichwa kukubali, nikatema mate pembeni kabisa ili inoge.

Chini ya godoro nina karatasi aliyoniandikia yule kapteni: tarehe, aina ya ndege, dakika 30. Zimebaki saa 199 na nusu. Kwenye kibubu nimeshaweka karibu pesa yote ya kupima afya. Ikitimia nitaaga nyumbani kwamba bosi amenituma Dar kununua mkanda wa mashine.

Kwa hiyo wewe wa Mlabani unayenisoma hapa, tafadhali, maandazi ya Jumamosi yafungie kurasa za michezo.