Imeili ya Kwake, Funguo za Jamaa wa Steshenari

Huyu dada wa Gwata, kule Kibaha, ukimuona Insta huwezi kuamini kama ana stresi. Kumbe wiki mbili nzima halali vizuri, kisa imeili.

Iko hivi. Miaka minne nyuma, wakati anaomba chuo, alipanda bodaboda hadi Mlandizi, akaingia steshenari: "Kaka, naomba unifungulie imeili." Kaka wa watu akafungua Gmail fasta. Paswedi akabuni yeye, na palipotakiwa namba ya simu akaweka ya kwake. "Usijali mdogo wangu, nimekuandikia hapa." Kikaratasi, buku mbili, kwisha habari. Wangapi wamefunguliwa hivyo hivyo!

Ikafanya kazi bila shida mpaka simu ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji. Kwenye simu mpya paswedi ikakubali, ila Google ikataka kuhakikisha ni yeye: tarakimu za uthibitisho zimetumwa kwenye laini ambayo si yake.

Jamaa kashahama mji, na namba ile aliiacha kitambo. Laini isipotumika hufungwa, namba ikapewa mtu mwingine. Sasa iko kwa mama mmoja wa Tunduma.

"Shikamoo mama, samahani, kuna meseji ya tarakimu imeingia kwako, naomba unitajie."

"Marahaba. Na wewe ni wale wa 'tuma kwenye namba hii', eeh?" Akakata. Na alikuwa sahihi kabisa, maana kila siku watu wanaonywa wasitaje tarakimu hizo kwa mtu yeyote.

Nyumbani kaka zake wakaanza ujuaji. Mmoja anasema angefungua Yahoo, mwingine Proton ya Uswisi. Haya. Yahoo ilidukuliwa 2013, na 2017 ikakiri kwamba akaunti zote, bilioni 3, ziliguswa. Proton inafunga barua kiasi kwamba hata wenyewe hawazisomi, ndiyo maana ukisahau paswedi na hukuweka njia ya kurudi, za zamani hutazisoma tena. Na Google yenyewe, tangu Desemba 2023, inafuta akaunti iliyokaa miaka miwili bila kuguswa. Kila moja na mambo yake, lakini hakuna ambayo ingemjua dada wakati imeandikiwa namba ya jamaa.

Mwishowe mama yake mzazi ndiye aliyepiga Tunduma. Wakaongea mama kwa mama, mpaka bei ya mchele wakaulizana. Tarakimu zikatajwa, kumbe zimeshapitwa na muda. Zikatumwa nyingine.

Akaingia. Barua ya hospitali moja ya Dar alikoomba kazi ilikuwa pale juu: usaili Jumanne, saa mbili asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Akafuta kwanza namba ya Tunduma, akaandika ya laini yake, iliyosajiliwa kwa kidole chake mwenyewe. Halafu ndiyo akalia.