Kunasa na Kuhariri

Kuchagua chombo cha kazi ni kuchagua adabu ya kazi yenyewe. Idara yetu ilipata fedha ya kulipia programu moja kwa mwaka, na mbele yetu zilisimama mbili: ya kunasa mazungumzo kutoka mbali, na ya kuhariri video. Kazi ilikuwa kuhifadhi sauti za wazee watungao mashairi katika visiwa vya Lamu na Pate. Umri haukuwaruhusu wao kusafiri, wala fedha haikuturuhusu sisi kuwafuata kila mara.

Wenzangu waliitaka ya kuhariri. Hoja yao ilikuwa na uzito: video isiyohaririwa ni mpunga usiopepetwa, na mtazamaji wa leo hana subira na makapi. Mimi niliitetea ya kunasa. Mazungumzo ya kawaida ya intaneti hubana sauti ili ipite njia nyembamba, na njia ikisongamana silabi hupotea. Katika nathari silabi moja huweza kukisiwa. Katika shairi lenye mizani 16 kwa kila mshororo, silabi iliyopotea ni nguzo iliyong'oka. Programu kama Riverside hunasa sauti na picha katika kompyuta au simu ya kila msemaji, kisha huzipeleka kidogo kidogo. Mtandao ukiyumba, mazungumzo hukwama, lakini kilichonaswa hubaki kizima.

Tena kuhariri hakukosi njia ya bure. Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, hukata na kusafisha sauti bila malipo, na DaVinci Resolve ina toleo la bure kwa video. Upungufu wa mhariri hutibika kwa subira. Upungufu wa kilichonaswa hautibiki.

Liko na jambo la heshima. Siku hizi programu za kuhariri huweza kufuta kila kimya na kila kusitasita kwa amri moja. Walakini mzee anyamazapo kabla ya kina cha mwisho, yumo kazini: anapima, anachagua, anakumbuka alivyofunzwa. Mwanafunzi akinyimwa kimya hicho, hupata shairi akakosa ushairi.

Wenzangu walikubali kwa sharti moja, nami nikaliona la haki: kila kanda ihifadhiwe mara mbili, nzima na iliyohaririwa. Tangu hapo mzee mmoja ametangulia mbele ya haki. Vina vyake vipo, na vituo vyake pia, kama alivyoviweka mwenyewe.