Ufunguo wa Baiti 16

Wahenga walinena kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nami, msomaji mpenzi, nimeuguza mwiba wa aina hiyo tangu mwaka 2012, nilipokuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza mjini Eldoret.

Kakangu alikuwa na mashine ya michezo ya video, Xbox 360, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kila jioni watoto wa mtaa wa Langas walijaa sebuleni mwetu, kila mmoja akilipa shilingi 20 kwa mchezo. Pesa hizo kaka aliziwekea akiba ya karo ya chuo. Tatizo lilikuwa diski halali: bei ya moja tu ilimeza mapato ya majuma kadhaa. Hapo ndipo alipoazimia kuibadilisha mashine yenyewe.

Mashine ile ilitegemea ushahidi wa kiendeshi cha diski. Ilikiuliza iwapo diski iliyomo ni halisi, nacho kikajibu. Programu inayokiongoza kiendeshi, ambayo mafundi huiita famuwea, wadukuzi walianza kuibadilisha mwaka 2006, miezi michache baada ya mashine hiyo kuingia sokoni Novemba 2005. Mchezo wenyewe haukuguswa. Aliyebadilishwa ni shahidi. Kiendeshi kilifunzwa kuapa kuwa nakala ni asili. Sitetei jambo hilo. Ulikuwa uwongo, na waliobuni michezo ile walinyimwa jasho lao.

Kazi ilifanyiwa kwenye meza ya chakula. Kaka alifungua skrubu, akaunganisha kiendeshi na kompyuta, kisha akausoma ufunguo kwanza. Kila kiendeshi kilikuwa na ufunguo wake wa baiti 16, na wa pili uliofanana nao ulifichwa katika ubao mkuu wa mashine. Viwili hivyo visipolingana, hakuna mchezo unaosomeka, hata ulio halali. Aliuhifadhi ufunguo katika flashi diski, ndipo akaandika programu mpya. Mashine ikawaka, watoto wakashangilia.

Miezi kadhaa baadaye niliazima flashi ile ili nipeleke insha yangu ya Kiswahili kupigwa chapa. Nikaikuta imejaa nyimbo. Kwa kuwa nilizipenda nyimbo zile, nilifuta faili ndogo iliyokuwa na jina nisilolielewa, kisha wimbo mmoja. Baiti 16 haziongezi nafasi yoyote. Hilo nalijua leo.

Haukupita muda mrefu kabla ya michezo mipya kudai programu mpya. Kaka alifungua mashine tena. Stima ikapotea katikati ya kuandika, kiendeshi kikabaki kimefutwa nusu.

"Si neno," kaka akasema gizani. "Ufunguo ninao."

Stima iliporudi aliutafuta hadi usiku wa manane. Mimi nilijifunika blanketi, nikajitia usingizini. Mwaka ule kaka hakwenda chuo. Alikwenda kubeba mawe kwenye mijengo.

Leo utafiti wangu wa uzamili unahusu tenzi za kale. Tungo nyingi zimetufikia kwa mikono ya wanakili, mfano Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezinakili kwa hati za Kiarabu. Kila ninaposoma miswada hiyo, hufikiria zile ambazo hazikubahatika kupata mnakili, na ambazo mtu fulani alizitupa kwa kutojua zilikuwa nini. Mtu huyo namfahamu vyema.

Krismasi iliyopita nilimtubia kakangu. Alinitazama, akatabasamu.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Ndani ya flashi nilikuta insha yako. Niliisoma yote."

"Mbona hukunichapa?"

"Ungeacha kuandika."

Insha ile ninayo hadi leo. Nimeinakili mahali patatu.